Dhana potofu kuhusu wanasaikolojia wa mageuko

Mwanasaikolojia wa mageuko ni mtafiti anayechunguza akili ya binadamu wa leo huku akijiuliza: hofu hii, wivu huu, au huu uwezo wa kukumbuka sura za watu, uliwasaidia mababu zetu kukabili tatizo gani? Charles Darwin alishatabiri mwishoni mwa kitabu chake cha 1859 kwamba saikolojia ingekuja kujengwa juu ya msingi mpya. Fani yenyewe, hata hivyo, ilipata sura iliyo nayo sasa katika miaka ya 1980 na 1990, hasa kupitia kazi za Leda Cosmides na John Tooby, waliokuja kufundisha Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara.

Wengi wetu hatukuijua fani hii kupitia kwao. Tumeijua kupitia video fupi za mitandaoni, ambamo mtu asiyewahi kufanya utafiti wowote anatangaza kwamba wanaume wameumbwa hivi na wanawake vile, kisha anasema ni sayansi. Inaniuma, kwa sababu maswali yenyewe ni mazuri na majibu yake yametolewa jasho.

Dhana: Kazi yao ni kufukua mifupa

Mifupa ina wataalamu wake. Akili haiachi masalia ardhini, kwa hiyo mwanasaikolojia wa mageuko hufanya kazi na watu walio hai: anaandaa dodoso, anawapa washiriki mafumbo kwenye kompyuta, anapima homoni kwenye mate, au anapekua kumbukumbu za polisi na za vizazi na vifo. Kabla ya kumhoji mshiriki hata mmoja anahitaji kibali cha kamati ya maadili. Siku hizi wengi husajili hadharani mpango wa utafiti kabla ya kukusanya data, ili wasije wakabadili swali baada ya kuona majibu. Sehemu kubwa ya siku huishia kwenye takwimu, kufundisha, na kujibu hoja za wahakiki wa majarida.

Dhana: Wanaamini kila kitu kimeandikwa kwenye jeni

Hii ndiyo dhana iliyoenea kuliko zote, na jaribio moja la tumbili linatosha kuivunja.

Susan Mineka na wenzake walifanya kazi na tumbili aina ya rhesus. Waliokulia porini walikuwa wakiogopa nyoka. Waliozaliwa na kukulia maabara hawakuwa na hofu hiyo. Walinyoosha mkono kuchukua chakula kilichokuwa ng'ambo ya nyoka bila wasiwasi wowote. Kwa maneno mengine, hofu ya nyoka haikuzaliwa nao. Lakini walipoonyeshwa video ya tumbili mwenzao akimwogopa nyoka, waliambukizwa hofu hiyo haraka.

Watafiti wakaenda hatua moja mbele. Walihariri video ili yule tumbili wa kwenye skrini, kwa woga uleule, aonekane anaogopa maua. Waliotazama hawakujifunza kuogopa maua. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1989, na kwangu mimi ndiyo maelezo bora kabisa ya fani nzima: mnyama hakuzaliwa na hofu, alizaliwa na wepesi wa kujifunza hofu fulani kuliko nyingine. Bila mazingira hakuna kinachotokea, na bila historia ya spishi huwezi kueleza kwa nini nyoka wamefaulu na maua yameshindwa. Anayewasimamisha jeni na malezi kama mahasimu wawili, mmoja ashinde na mwingine ashindwe, hajaielewa kazi hii.

Dhana: Wanahalalisha usaliti na ukatili

Kueleza chanzo cha jambo si kulibariki. Daktari anayesoma jinsi saratani inavyosambaa haitetei saratani.

Chukua kazi ya Martin Daly na Margo Wilson wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada. Walipitia kumbukumbu za mauaji na kukuta kwamba watoto wadogo wanaoishi na mzazi wa kambo walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuuawa na mzazi huyo kuliko wanaoishi na wazazi wao wa kuwazaa. Ni matokeo mazito, na yamebishaniwa. Watafiti wa Sweden, kwa mfano, hawakuukuta mwelekeo huo waziwazi katika takwimu za nchi yao. Ila hakuna mahali Daly na Wilson waliposema kwamba ni sawa, na wala haifuati kwamba wazazi wa kambo ni wabaya: walio wengi kabisa hawamdhuru mtoto yeyote. Kinachopatikana ni kujua ni mtoto gani anahitaji kuangaliwa kwa karibu.

Chuki dhidi ya fani hii ina historia. Mwaka 1978, mwanabiolojia Edward O. Wilson, aliyekuwa ameandika kuhusu mizizi ya kibiolojia ya tabia za kijamii, alimwagiwa maji kichwani na waandamanaji akiwa jukwaani kwenye mkutano wa kisayansi mjini Washington. Hofu yao ilikuwa na sababu, maana biolojia ilikuwa imeshatumika kuhalalisha ubaguzi wa rangi na maovu makubwa. Bado naamini walimkosea mtu yule.

Na wale wanaonukuu utafiti wa David Buss ili kusema wanawake wanataka pesa na wanaume wanataka uzuri tu, wausome wote. Mwaka 1989 Buss alichapisha majibu ya watu 10,047 kutoka tamaduni 37, Zambia na Nigeria zikiwemo. Tofauti hizo za wastani zilijitokeza kweli. Lakini kwa jinsia zote mbili, wema na akili vilitajwa juu ya pesa na juu ya uzuri. Sehemu hiyo haifiki kwenye video fupi.

Dhana: Wawindaji na wakusanyaji wa leo ni mabaki ya kale

Wahadzabe wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi nchini Tanzania wamefanyiwa utafiti mwingi, na mara nyingi huelezwa kana kwamba muda uliwaacha nyuma. Ni kosa, na ni dharau. Wametembea katika historia miaka ileile tuliyotembea sisi sote, wanafanya biashara na majirani, na wapo waliosoma shule. Wanachoweza kumfundisha mtafiti ni jinsi binadamu wanavyoishi pale chakula kinapotafutwa kila siku badala ya kulimwa.

Na wamefundisha mengi. Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones waliona kwamba wanawake wazee wa Kihadzabe hufanya kazi ngumu ya kuchimba mizizi porini kwa saa nyingi. Mama anapokuwa na kichanga, ukuaji wa mtoto wake mkubwa ulihusiana na bidii ya bibi. Hapo ndipo ilipopata nguvu hoja kwamba maisha marefu ya mwanamke baada ya kukoma hedhi yana mantiki ya kimageuko: bibi hulisha wajukuu.

Hatari kubwa iko upande wa pili. Mwaka 2010 Joseph Henrich na wenzake walionyesha kuwa asilimia 96 ya washiriki katika majarida makubwa ya saikolojia walitoka nchi za Magharibi zenye asilimia 12 tu ya watu duniani. Huwezi kusema "binadamu" ukiwa umewapima wanafunzi wa chuo kimoja.

Dhana: Wanatunga hadithi zisizopimika

Lawama hii ni ya haki kwa baadhi yao. Stephen Jay Gould na Richard Lewontin waliitoa mwaka 1979 dhidi ya wanabiolojia wanaobuni faida ya kila kiungo bila ushahidi, na hadi leo wapo wanaostahili kuambiwa hivyo. Ila tazama jinsi kazi nzuri inavyofanyika.

Mezani kuna kadi nne, kila moja ikiwa na herufi upande mmoja na namba upande wa pili: A, K, 4, 7. Kanuni inasema: kadi yenye irabu upande mmoja ina namba shufwa upande wa pili. Ugeuze zipi ili ujue kama kanuni imevunjwa? Wengi huchagua A na 4. Jibu ni A na 7. Sasa badili: anayekunywa bia lazima awe na zaidi ya miaka 19. Kuna anayekunywa bia, anayekunywa soda, mwenye miaka 22 na mwenye miaka 16. Nani wa kukaguliwa? Mantiki ni ileile, lakini katika jaribio la mwaka 1982 karibu robo tatu ya washiriki walipata: mnywa bia na mwenye miaka 16.

Labda ni kwa sababu tumezoea mambo ya bia? Cosmides aliipima hoja hiyo kwa kubuni kanuni ngeni kabisa, mojawapo ikiwa kwamba mwanamume anayekula muhogo lazima awe na tatuu usoni. Kanuni ilipoelezwa kama mkataba wa kijamii unaoweza kuvunjwa na tapeli, washiriki walifaulu. Ilipoelezwa kama taarifa tu, walianguka. Hitimisho lake ni kwamba tuna wepesi maalumu wa kunasa wadanganyifu. Dan Sperber na wenzake walimpinga mwaka 1995, wakisema ni jinsi swali linavyoeleweka. Mimi naegemea upande wa Cosmides, ila hoja ya Sperber si ya kupuuzwa.

Na kuna yaliyoanguka kabisa. Kwa karibu miaka ishirini ilifundishwa kwamba wanawake huvutiwa zaidi na sura za kiume kweli kweli siku ambazo wanaweza kushika mimba. Mwaka 2018 timu iliyoongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Glasgow ilipima wanawake 584, homoni zao na chaguo zao. Mabadiliko hayo hayakuonekana. Benedict Jones na Lisa DeBruine, waliokuwa mstari wa mbele katika utafiti huo, ni miongoni mwa watu waliokuwa wamechapisha matokeo ya mwanzo ya kuunga mkono dhana hiyo.