Wekundu wa choya unatoka wapi?

Wauza juisi ya choya wana sentensi yao moja: "Hii inaongeza damu." Bitiruti nayo husifiwa hivyo hivyo, na ukidai ushahidi unaambiwa, si unaona ilivyo nyekundu? Mimi ni mtu wa kemia ya mimea, na hoja hiyo hunikera kidogo. Damu ni nyekundu kwa sababu ya chuma kilichoshikwa ndani ya hemoglobini. Rangi ya choya haijajengwa kwa chuma. Ya bitiruti ni kitu kingine tena, haina undugu na hizo mbili.

Kwanza, kinachokaushwa na kuuzwa sokoni si ua. Ua la choya lina petali za njano iliyopauka na kitovu cha rangi ya damu ya mzee, na hunyauka siku hiyo hiyo linapochanua. Zinazobaki ni sepali, zile zinazofumbata tumba la mbegu, ambazo hunenepa na kuiva rangi. Humo ndani ya seli zake, kwenye vifuko vya maji viitwavyo vakuoli, ndimo rangi inamohifadhiwa.

Malighafi yake ni fenilalanini, asidi amino ambayo mmea huitumia pia kujengea protini. Kimeng'enya cha kwanza, yaani protini inayoendesha mabadiliko ya kikemia, huivua naitrojeni. Hatua chache mbele kinasubiri kimeng'enya kiitwacho kalkoni sinthasi: hiki huchukua kipande chenye kaboni 9 na kukiongezea kaboni mbili mbili, mara tatu. Zinapatikana kaboni 15, na ndiyo mifupa ya flavonoidi zote, kundi kubwa la kemikali za mimea. Kuanzia hapo njia inagawanyika. Tawi moja linazaa flavonoli, kama kwesetini ya kitunguu, ambazo macho yetu huziona kwa shida kama njano hafifu. Tawi jingine linazaa anthosianini, na hapo ndipo penye nyekundu, zambarau na buluu.

Tofauti ya rangi hizo inatokana na jambo dogo sana: idadi ya vikundi vya haidroksili (oksijeni iliyoshikana na haidrojeni) kwenye pete moja ya molekuli. Kikiwa kimoja ni pelagonidini, yenye wekundu wa kuelekea chungwa. Viwili, sianidini. Vitatu, delfinidini, inayovutia upande wa buluu. Waridi halina kimeng'enya cha kuweka kile cha tatu, ndiyo maana mashamba ya Naivasha yanavuna waridi za kila namna isipokuwa za buluu ya asili. Mwisho kabisa molekuli hufungwa na sukari, ikatulia na kuyeyuka vizuri majini, kisha ikasukumwa ndani ya vakuoli.

Sasa choya ina delfinidini tele. Mbona si buluu? Kwa sababu ya ule uchachu. Kwenye asidi anthosianini huwa nyekundu, na asidi ikipungua hubadilika. Jaribu nyumbani: mimina juisi ya choya isiyo na sukari kwenye glasi, tia bikaboneti ya kuokea kidogo kidogo. Itatoa povu kwanza, halafu itahamia zambarau, na ukizidisha itakuwa ya kijivu chenye ubuluu, mbaya hata kuitazama. Kamulia ndimu upesi, wekundu unarudi. Fanya hivyo hivyo kwa juisi ya bitiruti uone: haibadiliki sana. Hiyo si anthosianini, ni betalaini, inayotengenezwa kutokana na asidi amino nyingine, tirosini, na inayobaki na naitrojeni yake. Bogonvilia ya ukutani na mchicha mwekundu wako kundi hilo. Hadi leo haujapatikana mmea wa porini unaotengeneza betalaini na anthosianini zote mbili.

Kwamba njia hii inaongozwa na jeni lilijionyesha tena kwa kituko mwaka 1990. Watafiti wa Marekani, Richard Jorgensen akiwa mmoja wao, waliiongezea petunia ya zambarau, ua la bustanini, jeni ya kalkoni sinthasi, wakitarajia rangi ikolee zaidi. Baadhi ya maua yakatoka meupe pepe. Jeni ya ziada ilikuwa imeinyamazisha hata ile ya asili, na fumbo hilo lilichangia kufungua elimu nzima ya unyamazishaji wa jeni.

Mmea wenyewe hauna habari na glasi yako. Flavonoidi huukinga na mionzi ya urujuanimno, na kwenye alizeti huchora duara ambalo nyuki analiona na sisi hatulioni. Mizizi ya soya huzimwaga udongoni, gizani ambako rangi haina kazi, ili kuwaita bakteria wa kutengeneza vinundu vya naitrojeni. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi yao ya ajabu kuliko zote.

Je, kwetu? Utafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts uliochapishwa 2010 ulichukua watu wazima 65 ambao presha yao ilikuwa imeanza kupanda. Waliokunywa vikombe vitatu vya chai ya choya kwa siku, kwa wiki sita, presha yao ya juu, yaani ile namba kubwa kwenye kipimo, ilishuka kwa wastani wa milimita 7.2 za zebaki, dhidi ya 1.3 kwa waliopewa kinywaji cha kufananishia. Si haba, ila si mbadala wa dawa, na anayetumia vidonge vya presha amwambie daktari kabla ya kuizoea. Kuhusu damu, polifenoli nyingi, flavonoidi zikiwemo, hukamata chuma cha kwenye mboga na maharage kikapita bila kufyonzwa. Chai ya majani ndiyo mfano unaojulikana zaidi. Mjamzito aliyepimwa akakutwa na damu pungufu anywe vidonge vyake vya chuma kama alivyoelekezwa kliniki, na glasi ya choya aiweke mbali na mlo.

Na usiichemshe saa nzima. Joto huvunja anthosianini. Maji yakishachemka, epua, tumbukiza choya, funika.