Setilaiti Hupita Bagamoyo Kabla ya Saa Tano

Kila ninapopita soko la samaki hapa Bagamoyo nikiwa na kompyuta begani, vijana wanaoparua samaki huniuliza swali lilelile: "Dada, wewe umeshafika huko juu?" Jibu langu huwavunja moyo. Kazi yangu ni kuchambua picha za setilaiti, hasa za mikoko ya mwambao kuanzia Kaole hadi mlango wa Mto Ruvu, na mahali pa juu kabisa nilipowahi kufika kwa ajili ya kazi hiyo ni ghorofa ya tatu ya jengo la ofisi ambalo halikuwa na lifti. Hata hivyo sipendi kulipita swali lao hivihivi, kwa kuwa nyuma yake kuna swali jingine wanaloona haya kuliuliza, nalo ni kama mtoto wa pwani hii anaweza kuishi kwa kazi ya anga za juu.

Setilaiti ninazozitegemea zaidi ni za Ulaya, ziitwazo Sentinel-2. Ya kwanza ilirushwa mwaka 2015. Huizunguka dunia katika kimo cha kilomita 786, zikipita karibu na ncha ya kaskazini na ya kusini, na zikiwa mbili kazini hurudi juu ya mahali palepale kila baada ya siku 5. Nukta moja ya picha hubeba eneo la mita 10 kwa 10, kwa hiyo ngalawa haionekani, ilhali jahazi lililotandaza tanga huweza kuonekana kama chembe nyeupe ambayo mgeni angedhani ni kasoro ya kioo.

Jambo ambalo watu wengi hawalijui ni kwamba setilaiti hizi zina saa yao. Hupita saa nne na nusu asubuhi kwa saa ya jua, muda ambao kwa saa zetu za ukutani hukaribia saa tano, kwa sababu saa za Afrika Mashariki hufuata mstari wa longitudo ulioko mashariki zaidi yetu, baharini. Wakati huo ulichaguliwa makusudi, kwani jua limekwisha kupanda vya kutosha na mawingu ya mchana hayajajikusanya, ingawa wakati wa masika hata hesabu hiyo haisaidii kitu, nami huweza kukaa wiki kadhaa nikitazama pamba tupu. Kinachoziwezesha kuitunza saa hiyo ni umbo la dunia yenyewe. Dunia si mviringo kamili. Imevimba kidogo katikati, na mvuto wa uvimbe huo huigeuza njia ya setilaiti kwa karibu digrii moja kila siku, mwendo uleule ambao dunia hulizungukia jua. Ndiyo maana picha ya leo na ya mwezi uliopita huwa na mwanga unaokaribiana, na tofauti ninayoiona kati yake huwa, kwa kawaida, imetoka ardhini.

Ninasema kwa kawaida kwa sababu niliwahi kuumbuka. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeanza kazi, nikalinganisha picha mbili za ufukwe mmoja karibu na mlango wa Ruvu, zilizopishana kwa zaidi ya wiki moja. Katika ya kwanza, ukanda wa mililana michanga, mikoko inayoota upande wa baharini, uling'aa vizuri katika ule mwanga wa infraredi ambao jicho halioni lakini jani lenye afya huurudisha kwa wingi. Katika ya pili ukanda ule ulikuwa umefifia, karibu kutoweka. Nikachora ramani nyekundu, nikaandika kwamba miti imekatwa, kisha nikaenda nayo ufukweni kwa kujiamini kabisa. Mzee mmoja mvuvi akaishika karatasi, akaiangalia, akaniuliza tarehe za picha. Nilipomtajia akahesabu kwa vidole, akacheka.

"Mwanangu," alisema, "siku hiyo ya pili mwezi ulikuwa nusu. Saa nne, saa tano, maji yamejaa. Ulitaka uione miti au uyaone maji?"

Miti ilikuwepo yote, nami niliikuta imesimama kwenye tope maji yalipokupwa alasiri. Kosa langu lilikuwa la kalenda, na kila nahodha wa hapa angeweza kulizuia. Katika pwani yetu, siku za bamvu, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa mnamo saa kumi na hukupwa mnamo saa nne, wakati siku za maji mafu, mwezi unapokuwa nusu, mambo huwa kinyume. Setilaiti inayopita daima kabla ya saa tano, basi, hukuta ufukwe mtupu siku za bamvu na hukuta maji juu siku za maji mafu, na mchezo huo hujirudia mwaka mzima. Tangu siku hiyo sifungui picha ya mikoko kabla ya kufungua jedwali la maji kupwa na kujaa. Nimewahi kukutana na wachambuzi wenye shahada kubwa kuliko yangu, waliosomea mbali na bahari, wakiangukia shimo hilohilo.

Wanaoamini kwamba mambo haya ni ya ughaibuni husahau kwamba yalikwisha kufika hapa jirani zamani. Ng'ambo ya mkondo, huko Tunguu, Unguja, Wamarekani walijenga kituo cha mawasiliano cha Mercury, mradi wao wa kwanza wa kupeleka watu anga za juu, na tarehe 20 Februari 1962 mwanaanga wao John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu, Zanzibar ilikuwa miongoni mwa vituo vilivyozungumza naye njiani. Chombo kinachopita chini namna ile huonekana na antena moja kwa dakika chache tu, ndiyo maana walihitaji mlolongo wa vituo kuzunguka dunia nzima. Kituo kilifungwa mwaka 1964, baada ya Mapinduzi. Kaskazini yetu, kwenye jukwaa la Waitaliano lililosimamishwa baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa uchunguzi wa miale ya eksirei kutoka kwenye nyota. Ilikuwa tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, nayo ikapewa jina la Kiswahili, Uhuru. Malindi ilipendwa kwa sababu iko karibu na ikweta, ambako ardhi yenyewe hukimbilia mashariki kwa takriban kilomita 1,670 kwa saa na kuipa roketi msukumo wa bure, na kwa sababu mashariki yake ni bahari, si vijiji. Roketi ya mwisho ya kupeleka setilaiti iliondoka pale mwaka 1988, na Kenya ilipopeleka setilaiti yake Taifa-1 mwaka 2023 ilibidi irushiwe California.

Sasa kuhusu ajira. Kuwa mwanaanga ni bahati ya wachache mno: NASA ilipotangaza kundi lake la mwaka 2021, ilikuwa imechagua watu 10 kati ya waombaji zaidi ya 12,000, na uraia wa Marekani ulikuwa sharti. Kutengeneza roketi huko nako kumefungiwa wageni kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa sheria huihesabu roketi pamoja na silaha. Lakini idadi kubwa ya watu wanaoishi kwa anga za juu hawagusi roketi kabisa. Ni mafundi wa antena, waandishi wa programu, watabiri wa hali ya hewa, wapima ardhi na wachambuzi kama mimi. Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, hufundisha jiomatiki, yaani elimu ya kupima ardhi na kuichorea ramani, ambayo ndiyo njia niliyopita, na anayetaka kuipita asiache hisabati, fizikia na jiografia. Picha za Landsat, setilaiti za Wamarekani, ni bure tangu mwaka 2008, za Sentinel pia ni bure, na programu ya QGIS ya kuzichambulia haina malipo. Ndiyo maana nakereka ninapoona vijana wakitozwa pesa kwa vyeti vya siku mbili vyenye picha ya roketi juu na ambavyo sijawahi kumwona mwajiri akivitazama.

Mwezi uliopita kijana mmoja aliyemaliza kidato cha nne, ambaye asubuhi husaidia kupakua madau, aliniomba nimpe pa kuanzia. Nikampa picha sita za mlango wa Ruvu, zisizo na maelezo, nikamwambia azipange kwa umri wa mwezi bila kuangalia tarehe. Alizirudisha baada ya siku tatu, tano zikiwa sahihi. Ya sita aliikataa. Alisema maji ya kahawia yaliyotoka mtoni yameenda mbali mno baharini, kwa hiyo mvua kubwa ilikuwa imenyesha bara, na rangi ile isingemruhusu mtu kuona ukingo wa maji uko wapi. Nikaifungua tena picha ile, nikakuta ni ya Aprili.