Karnitini inaruhusiwa, dripu ndiyo yenye mashaka

Kila msimu wa mbio ukikaribia, swali kutoka kambi za wakimbiaji za Iten na Kaptagat, Kenya, huwa lile lile: karnitini inaruhusiwa? Ndiyo. Kirutubisho hiki, kinachosaidia mwili kugeuza mafuta kuwa nguvu, hakimo katika orodha ya vitu vilivyokatazwa ya WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa haramu michezoni. Tumelijibu mara nyingi, na bado simu zinalia.

Linalowaponza watu ni njia ya kuiingiza mwilini. Kumeza si kosa. Kutundikiwa dripu inayozidi mililita 100 ndani ya saa 12 ni kosa, hata kama kwenye mfuko mna maji ya chumvi matupu, isipokuwa kwa matibabu halali ya hospitali au ukiwa na kibali cha matibabu. Chumba cha nyuma cha rafiki wa kocha si hospitali.

Tena hiyo karnitini ya kopo la dukani ni ya nini? Ini na figo huitengeneza karnitini kutokana na laisini na methionini (asidi amino, yaani vijenzi vya protini), ndiyo maana hata asiyegusa nyama anayo. Kipande cha gramu 113 cha nyama ya ng'ombe iliyopikwa kina miligramu 56 hadi 162. Kikombe cha maziwa, kama 8. Ya chakula mwili hufyonza asilimia 54 hadi 86. Ya vidonge, 5 hadi 18. Ukifikisha gramu 3 kwa siku, tarajia kichefuchefu, kuhara na jasho la kunuka shombo. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, amwone daktari kwanza.

Sasa upimaji wa dawa haramu. Ukishaarifiwa kwamba utapimwa, msindikizaji haondoki ubavuni mwako hadi sampuli itolewe. Unachagua chombo mwenyewe, unatoa mkojo usiopungua mililita 90 mbele ya shahidi wa jinsia yako, unaugawa chupa A na B, unazifunga mwenyewe. Kisha fomu: kuna nafasi ya kuandika dawa na virutubisho ulivyotumia siku 7 zilizopita. Wengi huiacha wazi kwa kuogopa kujishtaki. Jamani, andikeni!

Kopo likiwa na steroidi (dawa iliyokatazwa ya kujenga misuli) isiyotajwa kwenye lebo, mwenye kosa ni wewe uliyekunywa. Adhabu inaweza kufika miaka 4, sawa na anayekataa kutoa sampuli bila sababu ya msingi. "Niliambiwa ni vitamini" haitoshi. Adhabu inaweza kupunguzwa ukithibitisha steroidi ilikotoka, na uthibitisho huanzia kwenye kopo lenyewe: libakizwe na unga kidogo, namba ya toleo isomeke, risiti iwepo.