Kuomba kusoma Marekani baada ya digrii ya kwanza: tunayoambiana na yalivyo

Kila mwaka Septemba ikiingia, vijana niliowafundisha huanza kubisha hodi ofisini na bahasha mkononi. Wanataka kuomba uzamili au uzamivu Marekani. Wengi uwezo wanao. Kinachowakwamisha ni maneno waliyookota hosteli, na inaniuma kuona mtu mwenye kichwa kizuri anakata tamaa kwa jambo ambalo tangu mwanzo halikuwa kweli.

Linalowapoteza wengi kuliko yote ni hili la kutafuta barua ya mapendekezo kwa mtu mkubwa. Mwaka juzi alikuja kijana mmoja, baada ya shikamoo akanionyesha karatasi yenye nembo na mhuri. "Dokta, mjomba yupo wizarani, kanisainia." Barua ilipendeza kwa macho. Ilikuwa na sentensi tatu: anamfahamu mwombaji, ni raia mwema, ana nidhamu. Juu ya kazi yake, hakuna hata neno moja. Barua kama hiyo inamfaa mtendaji wa kata. Kamati ya udahili ni wahadhiri, nao wanajiuliza: huyu akikwama kwenye utafiti atafanya nini? Wa kujibu swali hilo ni yule aliyekuona ukikwama.

Kijana huyu mradi wake wa mwisho ulikuwa juu ya inzi weupe wanaoeneza batobato kwenye mihogo, huko Mkuranga. Mvua ikaingia kwenye daftari na bahasha za majani, nusu ya kazi ikaharibika. Alirudi shambani kwa bodaboda, akaanza upya kuhesabu inzi kwenye majani matano ya juu, mche kwa mche. Msimamizi wake, mhadhiri msaidizi asiye na cheo kikubwa, alikuwa naye siku hiyo. Huyo ndiye wa kuandika.

Tena barua yenyewe kwa kawaida haipiti mikononi mwako. Unajaza barua pepe ya mwandishi kwenye fomu, mfumo unamtumia kiungo, anaipakia mwenyewe. Utaulizwa kama unaachia haki yako ya kuja kuisoma, haki iliyowekwa na sheria ya Marekani ya mwaka 1974 kuhusu kumbukumbu za wanafunzi. Vijana husita hapo, wakidhani ni mtego. Iachie. Barua ambayo mwombaji hataiona huaminika zaidi. Mwombe mwandishi mapema, hata wiki sita kabla, mpe transkripti, yaani karatasi ya matokeo yako ya chuo, na rasimu ya maelezo yako, kisha mkumbushe kwa adabu. Mhadhiri mwenye wanafunzi 300 akisahau, hajafanya kwa ubaya.

Halafu kuna hofu ya GPA, yaani wastani wa alama zako za chuo. "Yangu ni 3.6, haifui dafu kule." Vyuo vya Marekani hutumia kipimo cha 4.0, na vingi hutaja 3.0 kuwa kiwango cha chini cha kuingia uzamili. Basi kijana anashika kikokotoo, anazidisha 3.6 kwa nne, anagawa kwa tano, anapata 2.88, anafunga kompyuta na kwenda kulala. Hesabu haina kosa, ila imelinganisha vitu visivyolingana. Kwetu Tanzania 3.6 kati ya 5.0 ni daraja la pili la juu. Pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, A inaanzia 70, na 62 ni B+. Katika madarasa mengi ya Marekani 62 ni D. Wanaosoma maombi kutoka nchi mbalimbali wanajua kwamba vipimo havifanani, ndiyo maana fomu nyingi hutaka ujaze GPA kama chuo chako kilivyoitoa, pamoja na kipimo chake. Jaza hivyo, 3.6 kati ya 5.0. Na ukiskani transkripti, geuza na upande wa nyuma. Mara nyingi jedwali la alama limechapwa huko, na ndilo litakalomweleza msomaji kwamba 62 yako ni alama ya heshima. Sapu moja, mtihani wa kurudia, ya mwaka wa kwanza nayo isikunyime usingizi.

"Huwezi kwenda uzamivu bila masta." Hapa nyumbani ni kweli, na Uingereza mara nyingi ndivyo. Marekani programu nyingi za uzamivu humpokea mwenye shahada ya kwanza moja kwa moja, na hapo ndipo penye fedha. Hasa kwenye sayansi, idara hukulipia ada na kukupa posho ya kujikimu, nawe unasaidia kufundisha au unafanya kazi maabara, mara nyingi saa 20 kwa wiki. Masta mara nyingi unajilipia mwenyewe. Kwa hiyo anayeanza na masta akiamini ndiyo njia nyepesi, huenda amechagua mlango wa gharama zaidi. Simsukumi kila mtu aende uzamivu, maana ni miaka mitano au zaidi, na asiyeupenda utafiti atateseka.

Mtihani wa GRE, ule wa kupima uwezo wa waombaji wa masomo ya juu? Idara nyingi ziliacha kuudai kuanzia 2020, baadhi zimeurudisha. Soma ukurasa wa idara yenyewe kabla ya kulipa. Ada ya maombi nayo baadhi ya vyuo huisamehe kwa anayeomba msamaha huo kabla ya kutuma fomu. Wakala wa kukujazia fomu si lazima. Mfumo uko wazi kwa yeyote mwenye barua pepe. Kalenda ndiyo isiyosamehe: programu nyingi za uzamivu hufunga dirisha Desemba au mwanzoni mwa Januari, kwa masomo ya Agosti. Na ukipata nafasi yenye ufadhili, vyuo vingi vimekubaliana kukupa hadi Aprili 15 kuamua, basi usikubali kuharakishwa.

Limebaki la maelezo binafsi, ambayo watu hudhani lazima yaandikwe kwa maneno mazito. Kijana wa mihogo alikuwa ameanza hivi: "Tangu utotoni nimekuwa na shauku isiyo na kifani ya sayansi." Nikamwambia, mwanangu, mamia wataandika hivyo hivyo. Nieleze siku ile ya mvua. Tukakaa hadi magharibi, kiyoyozi kimezimwa, mlinzi anapita na funguo zake. Alipokuja tena Jumatatu barua ya mjomba haikuwemo kwenye bahasha, na ukurasa wake wa kwanza ulianza hivi: "Bahasha 30 za majani zililowa siku moja, na ilinibidi niamue kama nirudi Mkuranga au nikadirie."