Breka inayoingia kwenye boksi si lazima iwe ya boksi hilo

Wiki hii nimeulizwa swali moja mara mbili, kwanza na kijana anayejenga Naliendele, kisha na fundi mwenzangu wa Masasi: breka za umeme za kampuni tofauti zinaweza kukaa kwenye boksi moja? Jibu langu fupi ni hapana, isipokuwa kampuni iliyotengeneza boksi iwe imeandika kwamba inaziruhusu. Jibu refu linaanzia Mikindani.

Bibi mmoja wa huko alinipigia simu kwamba breka ya hita ya kuogea inashuka kila jioni. Nilipofika nikamwamkia, akaitikia marahaba, na kabla sijakaa akasema, "Mwanangu, niwekee kubwa kuliko hii. Hii imechoka." Nikamwomba aniache nilitazame boksi kwanza.

Nilipolisogelea nikasikia harufu ya samaki. Plastiki ngumu inayotumika kwenye breka na soketi ikipata joto kali hutoa harufu inayofanana sana na ya samaki aliyeanza kuharibika. Mtu wa Newala angeshtuka siku ya kwanza. Lakini nyumba hii iko hatua chache kutoka ufukweni, na jirani anaanika dagaa. Bibi alikuwa ameisikia harufu ile kwa miezi kadhaa akidhani inatoka uani.

Nikashusha meni swichi, nikapima kuhakikisha umeme umekatika, nikafungua kava. Kulikuwa na breka tano. Nne zilifanana, ya tatu kutoka kushoto ilikuwa ya kampuni nyingine, iliyowekwa baada ya ile ya mwanzo kufa. Chini yake jino la basba, kile kipande cha shaba kinachozigawia breka umeme, lilikuwa limebadilika rangi, jeusi lenye ubluu, na plastiki imejikunja kama karatasi iliyopitishwa karibu na moto. Nikaweka bisibisi kwenye skrubu. Imekaza, haisogei hata kidogo. Nikafungua kishikio cha reli, ule ukanda wa chuma ambao breka hupachikwa, nikaivuta breka, ikatoka kwenye basba na skrubu yake ikiwa bado imekaza vilevile.

Hapo ndipo hatari yote ilipo, kwa hiyo naomba nieleze taratibu. Basba ni kipande cha shaba chenye meno kama kitana, kinachopeleka umeme kwa breka zote kwa mpigo. Kila jino huingia kwenye kijumba kidogo cha chuma ndani ya breka, na ukikaza skrubu kijumba hupanda na kulibana jino. Sasa, kampuni hazikukubaliana kijumba hicho kikae urefu gani kutoka kwenye reli, wala kina gani. Hii iko juu milimita mbili, ile iko nyuma kidogo. Hata kampuni moja, toleo lake la zamani na la sasa huweza kutofautiana. Breka zote zinakaa vizuri kwenye reli kwa sababu reli ina kipimo kimoja karibu dunia nzima, upana wa milimita 35, na kava inafunga. Kwa nje boksi linapendeza. Lakini ndani, jino limepita nyuma ya kijumba badala ya kuingia ndani yake. Ukikaza, kijumba kinapanda na kujibana chenyewe. Mkono wa fundi unasikia kimekaza, kumbe jino limegusa tu.

Kugusa tu kunatosha kuwasha taa, na ndiyo maana kosa hili hujificha. Kwenye mzigo mkubwa mambo hubadilika. Hita ya wati 5,000 kwa volti 230 inavuta karibu ampea 22. Joto kwenye kiungo, yaani pale jino na kijumba vinapokutana, unalipata kwa kuzidisha ampea kwa ampea, halafu kwa ukinzani wa kiungo. Kiungo kizuri chenye ukinzani wa nusu ya elfu moja ya omu kitatoa robo ya wati, hutaihisi. Kiungo kilicholegea chenye omu 0.05 kitatoa wati 24. Hizo ni sawa na kile chuma cha mafundi redio cha kuyeyushia risasi, na hapa kimefungiwa ndani ya plastiki, kila jioni, kwa muda wote ambao mtu anaoga. Joto linaharibu uso wa shaba, ukinzani unaongezeka, joto linaongezeka tena. Hewa ya chumvi ya pwani yetu inaharakisha kazi hiyo.

Breka haikulinda? Breka hupima umeme unaopita, na umeme ulikuwa wa kawaida. Ilikuwa ikishuka kwa sababu ndani yake kuna ukanda wa chuma unaojipinda kwa joto, na joto la kiungo kibovu lilikuwa likiufikia. Ile breka bibi aliyodhani imechoka ndiyo iliyokuwa ikitoa taarifa. Ningemwekea ya ampea 40 badala ya 32, ingenyamaza, na waya wake wa milimita za mraba 4 ungebaki bila ulinzi unaostahili.

Mafundi wengine huniambia, "Kaka, breka zote mbili ni halisi, zimepimwa." Ni kweli. Breka ya nyumbani hupimwa kwa kiwango cha kimataifa cha IEC 60898, ikiwa peke yake. Boksi lililokamilika, pamoja na basba na vifaa vyake, lina kiwango chake, IEC 61439-3, na hapo hupimwa linavyopanda joto na linavyostahimili shoti. Mchanganyiko wako haujapimwa na mtu yeyote. Kanuni za Uingereza, BS 7671, ambazo mafundi wengi nchini tunazitegemea, zinasema anayeenda kinyume na maelekezo ya mtengenezaji wa boksi anabeba yeye wajibu wa mtengenezaji. Nchi hiyohiyo, kuanzia Januari 2016, ilitaka boksi za majumbani ziwe za kitu kisichowaka kama chuma, baada ya kuona moto mwingi ukianzia kwenye boksi za plastiki, na viungo vilivyolegea vikiwa miongoni mwa sababu.

Kuna na namba ndani ya kimstatili kwenye uso wa breka: 3000, 4500, 6000. Ni ampea za shoti ambazo breka inaweza kuzikata bila kupasuka. Ukipachika ya 3000 katikati ya za 6000, mzunguko huo ndio udhaifu wa nyumba, hasa mkiwa karibu na transfoma.

RCD, ile yenye kitufe cha T inayokata umeme unapovuja, inanitia hofu zaidi. Kampuni moja huweka nyutro kushoto, nyingine kulia. Fundi akibadilisha bila kusoma, basba inaweza kuishia kwenye nyutro. Taa zitawaka, friji itafanya kazi, lakini ukishusha breka utakuwa umekata nyutro tu, na waya ulioushika bado una laivu.

Sisemi nyumba nzima iwe ya kampuni moja. Soketi, swichi za ukutani na boksi la pili la banda la uani vinaweza kuwa vya kampuni yoyote iliyo bora. Nazungumzia vinavyokutana kwenye basba moja.

Ukitaka kujua hali ya kwako, usifungue kava. Hata meni swichi ikiwa chini, waya zinazotoka kwenye mita ya LUKU bado zina umeme. Tazama tu kwa nje kama kuna breka isiyofanana na wenzake, gusa uso wake kwa mgongo wa mkono hita au pasi ikiwa inatumika, na nusa. Ukiona shaka, ita fundi mwenye leseni ya EWURA, na umwombe avute kila breka mbele yako, umeme ukiwa umekatwa, baada ya kukaza skrubu.

Na wewe unayejenga msimu huu fedha za korosho zikiingia, nunua boksi na breka zake pamoja, za toleo moja, uongeze mbili za akiba. Miaka mitano baadaye toleo hilo huenda lisipatikane Mtwara wala Lindi, na hapo ndipo watu hulazimika kuchanganya.

Kwa bibi ndivyo ilivyokuwa. Breka za boksi lake nilizitafuta mpaka Lindi mjini, hazipo. Basba ilikuwa imeshaungua, kwa hiyo tukaweka boksi jipya la chuma, breka zote za toleo moja, ya hita ikiwa ileile ampea 32. Jioni tuliwasha hita dakika ishirini, nikamwambia aguse. Akaweka kiganja kwenye kava, akakiacha hapo muda mrefu. Breka mbili za akiba amezifunga kwenye kitambaa, ziko kabatini pamoja na karatasi za kiwanja.