Visa ya kazi ya ujuzi haikupi ruhusa ya kufanya kazi popote

Jioni moja pale Jaws Corner, baraza la kahawa la Mji Mkongwe, kijana muuguzi aliyetoka Wete alituambia, "Wazee, mimi nikishafika Uingereza tu, kazi nitachagua mwenyewe." Baraza zima likaitikia. Mimi kashata ilinikwama kooni.

Sivyo ilivyo. Visa ya Uingereza ya mfanyakazi mwenye ujuzi imefungwa kwa mwajiri na kazi uliyoombewa. Mwajiri huyo lazima awe na leseni ya udhamini, na ndiye anayekutolea hati ya udhamini, ambayo namba yake unaijaza kwenye maombi. Ukitaka kuhamia kwa mwengine, unaomba upya kwa hati mpya, na kazi mpya huianzi mpaka ujibiwe. Ukiachishwa, kwa kawaida unapewa siku 60 utafute mdhamini mwengine au ufunge sanduku. Siku 60! Hapa Unguja fundi hajakumalizia hata dirisha moja. Kibarua cha ziada kipo, hadi saa 20 kwa wiki, tena si kila kazi.

Ujerumani wamelegeza kidogo: mwenye Kadi ya Buluu, yaani kibali cha Umoja wa Ulaya cha kukaa na kufanya kazi kwa wenye ujuzi wa juu, hutoa taarifa idara ya wageni akibadili mwajiri ndani ya miezi 12 ya mwanzo, na idara inaweza kumkatalia.

Na dalali akikuletea hati ya udhamini ya kununua, muulize jina la mwajiri, kisha litafute kwenye orodha ya wadhamini wenye leseni. Serikali ya Uingereza imeiweka mtandaoni, bure.