Haki ya afya si haki ya kutougua
"Kama afya ni haki yangu, mbona goti linaniuma miaka yote hii?" Mzee mmoja alituuliza hivyo barazani Ngamiani, Tanga, kikombe cha kahawa mkononi, tukacheka. Hata hivyo, wengi wanaelewa kama yeye: kwamba haki ya afya ni haki ya kuwa mzima.

Sivyo. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kiutamaduni wa 1966, ambao Tanzania iliuridhia 1976, unataja kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Mwaka 2000, kamati ya Umoja wa Mataifa inayousimamia ikasema wazi kwamba hiyo si haki ya kuwa na afya njema. Hakuna serikali itakayomrudishia mzee wetu goti la ujana.

Anachoweza kudai ni huduma: iwepo, ifikike, bei isimfukuze maskini, imheshimu mtu, iwe na ubora. Maji safi nayo yamo.

Mkataba unaruhusu kwenda hatua kwa hatua kadiri ya uwezo wa nchi, na hapo ndipo wakubwa hupenda kujificha. Lakini kutobagua hakungoji bajeti. Kutunza siri pia. Dirishani, mhudumu anasoma majibu ya kipimo cha mama kwa sauti, foleni nzima inageuka, mama anavuta mtandio usoni. Kushusha sauti kunahitaji mfadhili gani?